Jinsi ya Kurusha Satelaiti Kutoka Ngomeni Bila Kutazama Juu

Teremsha macho. Anayetaka kurusha satelaiti huinua shingo, na papo hapo ameanza vibaya. Tazama upeo, pale bahari inapokutana na mbingu, maana huko ndiko chombo chako kinakokwenda. Kupanda juu ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa, ile inayokula mafuta, fedha na usingizi wa wahandisi, ni kwenda mbele kwa kasi. Ukilishika hili moja umeshika nusu ya mwongozo huu, na majirani wakikuuliza mbona hutazami juu, waambie uko kazini.

Ushahidi upo tangu mwaka 1961. Tarehe 12 Aprili mwaka huo Yuri Gagarin alisafiri kwenye obiti iliyokuwa kati ya kilomita 169 na 327 kutoka ardhini. Wiki tatu baadaye, tarehe 5 Mei, Mmarekani Alan Shepard alipanda hadi kilomita 187. Kwa kimo cha safari, wawili hawa ni wa kundi moja. Lakini Shepard alikaa safarini dakika 15 tu akatua Atlantiki, ilhali Gagarin aliizunguka dunia na kurudi nyumbani baada ya dakika 108. Shepard alikuwa na kasi ya kilomita 8,000 na ushei kwa saa. Gagarin alikuwa na kilomita 28,000 hivi. Wote wawili walifika anga za juu, ila aliyekwenda mbele kwa kasi ya kutosha ni mmoja.

Jaribu mwenyewe, bila gharama. Simama ufukweni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, utupe jiwe kuelekea mashariki. Litapinda na kuanguka majini. Tupa kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali zaidi. Sasa kumbuka kwamba bahari nayo imepinda, kwa kuwa dunia ni mviringo: kila unapokwenda kilomita 8, uso wa bahari unakuwa umeshuka karibu mita 5 chini ya mstari ulionyooka. Na kitu chochote kikiachwa kianguke, katika sekunde ya kwanza hushuka karibu mita 5 vilevile. Kwa hiyo ukilitupa jiwe lako likaenda kilomita 8 kwa sekunde moja, na hewa isilizuie, litaanguka mita 5 na bahari itakuwa imeshuka mita 5. Sekunde inayofuata, hivyo hivyo. Litaendelea kuanguka, na chini hakutafikika. Isaac Newton aliliwaza jambo hili katika karne ya 17, akitumia mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu kupita kiasi, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwa na uwezo wa kulijaribu. Kwangu mimi hakuna wazo zuri zaidi ya hili katika fizikia yote: kukaa angani ni kuanguka ukaikosa dunia.

Ndiyo maana usimwamini anayekwambia kwamba huko juu mvutano wa dunia umekwisha. Kwenye kimo cha kilomita 400, kinapopita Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano bado una takriban tisa ya kumi ya nguvu tunayoihisi hapa chini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa mwendo mmoja, mchana na usiku. Mwendo wenyewe ni wa kupita pwani ya Waswahili, kutoka Lamu hadi Mtwara, katika muda usiotimia dakika mbili.

Na mjomba mwenye shamba Marangu akikukaribisha uirushe roketi kutoka kileleni kwa Kilimanjaro, mshukuru kwa moyo wote, kunywa mbege yake, kisha kataa. Kilele kina mita 5,895. Ukilinganisha na kilomita 400, mlima huo umekupunguzia safari ya juu kwa sehemu isiyofika mbili katika mia, na kasi ya kwenda mbele, ambayo ndiyo unayoihitaji, umekuachia uitafute mwenyewe. Hewa nyembamba ya kule ingesaidia kidogo, ni kweli. Lakini nani atakayepandisha tani 20 za roketi kwenye theluji?

Chagua ufuo

Unachotaka ni ikweta, na bahari tupu upande wa mashariki. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na mahali inapokimbia zaidi ni kwenye ikweta: mita 465 kila sekunde. Mtu aliyekaa kwenye mkeka Ngomeni, nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, tayari anasafiri kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,660 kwa saa, bila kuwasha kiberiti. Roketi yake inarithi kasi hiyo. Aliyeko Baikonur, Kazakhstan, karibu nyuzi 46 kaskazini, hurithi mita 320 hivi kwa sekunde. Tofauti inaonekana ndogo hadi utakapofika kwenye hesabu ya mafuta, na tutafika huko.

Kwa nini bahari? Kwa sababu roketi huangusha sehemu zake njiani, na siku mbaya huanguka yote. Israeli wanalijua hili kwa uchungu. Mashariki yao kuna nchi za watu ambao hawangefurahia kuangukiwa na vyuma, basi tangu walipoirusha Ofek-1 mwaka 1988 wao hurusha kuelekea magharibi, juu ya Mediterania. Wanapoteza zawadi ya dunia, na juu yake inawabidi waifute ile kasi ya mashariki waliyozaliwa nayo kabla hawajaanza kupata ya kwao.

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG, ya mhandisi Lutz Kayser, ilipewa na Mobutu, rais wa Zaire, eneo kubwa mno huko Shaba, yaani Katanga, ili irushe roketi za bei nafuu. Wazo lao la kiufundi lilikuwa la kuvutia: mabomba mengi yanayofanana, yamefungwa pamoja, kila moja na injini yake. Lakini mahali! Shaba iko katikati ya bara. Ukirusha kuelekea mashariki unavuka Ziwa Tanganyika na kuingia juu ya nyumba za Watanzania. Roketi ya tatu ya majaribio, Juni 1978, ilienda kombo na kuanguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe, na mwaka uliofuata mradi ukafungwa kwa shinikizo la kisiasa. Funzo kwa mrushaji: kabla ya kusaini ardhi, tazama ramani ya mashariki.

Ngomeni kasoro hizo haina. Mashariki yake ni Bahari ya Hindi, na ukishavuka visiwa vichache unaweza kwenda maelfu ya kilomita bila kumkuta mtu. Profesa Luigi Broglio wa Italia aliliona hilo mapema. Alileta majukwaa ya chuma yenye miguu, akayasimamisha baharini mbele ya Ngomeni: San Marco la kurushia, Santa Rita la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967 satelaiti ya San Marco 2 iliondoka hapo ikafika kwenye obiti, na kati ya mwaka huo na Machi 1988 satelaiti tisa zilifuata mlango huo huo, ukihesabu na hiyo ya kwanza. Tisa, kutoka maji ambamo wavuvi wa Ngomeni wanatupa nyavu. Kila mtoto wa Malindi anastahili kufundishwa tarehe hizi pamoja na ile ya Vasco da Gama.

Maarufu kuliko zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Ilikuwa satelaiti ya Marekani yenye kilo zipatazo 140, ya kwanza kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, aliamua iitwe Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowapokea. Kwa nini Wamarekani, wenye Cape Canaveral yao Florida, waje kurushia Malindi? Hapa kuna somo ambalo mrushaji wa kwanza hulipuuza, basi tulia kidogo.

Obiti ni duara lililo kwenye bapa, na bapa hilo lazima lipite katikati kabisa ya dunia, kwa kuwa huko ndiko mvutano unakovuta. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka Cape Canaveral, nyuzi 28.5 kaskazini, satelaiti haiwezi kubaki kwenye nyuzi hizo ikizunguka hapo hapo. Itavuka ikweta, iende kusini nyuzi 28.5, irudi. Ukitaka kuilaza juu ya ikweta itakubidi uligeuze bapa lake ukiwa angani, na kugeuza kwa nyuzi 28.5 kunadai mabadiliko ya kasi ya karibu kilomita 3.7 kwa sekunde, yaani karibu nusu ya kasi yote ya obiti. Kutoka Ngomeni hugeuzi kitu. Uhuru ilizunguka juu ya ikweta ikiwa na mwinamo wa nyuzi 3 tu, na hivyo ikakwepa kwa sehemu kubwa lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mionzi ya angani hushuka chini na kuvitia kelele vipima eksirei. Matokeo yake ni orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, pamoja na ushahidi wa kwanza mzito kuhusu Cygnus X-1, kitu ambacho leo tunajua ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Shimo jeusi la kwanza kutambuliwa lilianza kueleweka kwa chombo kilichoondokea Ngomeni, na jambo hilo lingetosha kuchorwa kwenye ukuta wa kila shule ya pwani.

Wapagazi na posho yao

Sasa mafuta. Kasi unayohitaji kwa obiti ya chini ni kilomita 7.8 kwa sekunde, lakini hewa itakuibia na mvutano utakuibia wakati unapanda, basi panga kutoa kilomita 9.4 hivi. Injini ya mafuta ya taa na oksijeni hutoa moshi wake kwa kasi ya takriban kilomita 3 kwa sekunde. Kwa hiyo unataka kwenda mara tatu zaidi ya kasi ya moshi wako mwenyewe.

Fikiria msafara wa zamani kutoka Bagamoyo kwenda bara. Kila mpagazi anayebeba mzigo anahitaji posho. Posho inahitaji mpagazi wa kuibeba. Naye anahitaji posho. Safari ikirefuka mara mbili, wapagazi hawaongezeki mara mbili, wanaongezeka kwa kuzidishwa. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule huko Urusi, alichapisha hesabu ya jambo hili kwa roketi mwaka 1903, akiwa karibu kiziwi, na kabla ya ndege ya kwanza ya Wright kuruka mwezi Desemba mwaka huo. Ukiziingiza namba zetu kwenye kanuni yake, jibu ni hili: katika kila tani 23 zinazosimama ufukweni, tani 22 ni mafuta. Tani moja iliyobaki igawane injini, matangi, nyaya, na satelaiti yenyewe. Namba hii haina huruma. Huwezi kuihonga wala kuibembeleza, na hakuna waziri anayeweza kuipunguza kwa tamko.

Dawa ni ile ile ya msafara: aliyemaliza posho yake arudi, asiendelee kulishwa. Jenga roketi kwa pingili, moja juu ya nyingine. Ya chini ikimaliza mafuta, itupe, kwa sababu tangi tupu ni mzigo usio na kazi. Roketi ya Scout iliyotumika Ngomeni ilikuwa na pingili nne za mafuta makavu, uzito wake ukikaribia tani 20, ili ipeleke juu zile kilo 140 za Uhuru. Hiyo si hata sehemu moja katika mia. Mtu asiyejua angeuita ubadhirifu. Ni ufundi wa hali ya juu, na waliouweza katika miaka ya 1960, wakihesabu kwa kompyuta dhaifu kuliko simu ya kitochi, wanastahili kuvuliwa kofia.

Na sasa ile zawadi ya mita 465. Kwa moshi wa kilomita 3 kwa sekunde, kasi hiyo ya bure inakupunguzia mafuta kwa kiasi kinachofanya roketi ile ile ibebe mzigo mkubwa zaidi kwa jasho lile lile. Wafaransa walipopoteza uwanja wao wa Algeria walihamia Kourou, Amerika Kusini, nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, na Ulaya inarushia huko hadi leo. Ngomeni iko karibu zaidi na ikweta kuliko Kourou. Tangu 1988 majukwaa yamenyamaza, ingawa kituo cha nchi kavu kinaendelea kupokea mawimbi ya satelaiti. Naamini kwa dhati kwamba mlango huu unapaswa kufunguliwa tena, safari hii na wahandisi wa Afrika Mashariki wakishika funguo.

Siku yenyewe

Waondoe wavuvi baharini kwa heshima na mapema, uwalipe siku yao. Angalia upepo wa juu, maana upepo mkali kwenye kimo cha kilomita kumi unaweza kuivunja roketi iliyovuka salama upepo wa ufukweni. Halafu hesabu kurudi nyuma.

Roketi itaanza kwa kupanda wima, na watazamaji watashangilia. Wima huo ni wa kukimbia hewa nzito tu. Baada ya sekunde chache anza kuilaza mashariki, kidogo kidogo, ukiuachia mvutano ufanye sehemu kubwa ya kuipinda njia. Baada ya dakika moja hivi utapita pale hewa inapoisukuma kwa nguvu kuliko mahali pengine popote; ikivuka hapo, pumua. Ndani ya dakika nane hadi kumi iwe imelala sambamba na bahari, ikikimbia tu.

Kagua programu ya kompyuta yako, hasa ile uliyoazima. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliondoka Kourou na baada ya sekunde zisizofika 40 ikaharibika angani. Sehemu ya programu ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4. Kulikuwa na namba moja iliyohusiana na kasi ya mlalo, na Ariane 5 ilikuwa inashika kasi hiyo mapema kuliko nduguye mkubwa. Namba ikazidi nafasi iliyotengewa kwenye kumbukumbu, kompyuta ya kuongozea ikazima, na ya akiba, yenye programu ile ile, ikawa imezima kwa sababu ile ile. Hata hapo kilichoangusha roketi ni mwendo wa mlalo, uliosahauliwa na watu waliokuwa wamezoea mwendo mdogo.

Pa kuiweka

Satelaiti ikiwa chini, kilomita 400 hadi 600, huizunguka dunia kwa dakika 92 hadi 97. Hapo ndipo pa kupigia picha mashamba na misitu. Kama unataka kila picha ya shamba ichukuliwe saa ile ile ya mchana, vivuli visikuchanganye, iweke kwenye obiti inayopita karibu na ncha za dunia, yenye mwinamo wa nyuzi 98 hivi. Dunia imevimba kiunoni: nusu-kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi cha kwenye ncha kwa kilomita 21. Uvimbe huo huivuta obiti pembeni na kuigeuza karibu nyuzi moja kila siku, sawasawa na mwendo wa jua katika mwaka. Unene wa dunia unakufanyia kazi bure.

Ila kwa obiti hiyo ikweta haikusaidii, kwa sababu hukimbilii mashariki. Ndiyo sababu Taifa-1, satelaiti ya Kenya ya kuangalia ardhi, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, kuelekea kusini juu ya Pasifiki. Walioona haya kwamba haikurushwa Malindi wapumzike. Kwa kazi ile California ilikuwa mahali sahihi. Na aliye na mfuko mdogo atengeneze kijisanduku chenye pande za sentimita 10, akipeleke Kituo cha Kimataifa cha Anga, kiachiwe kutoka maabara ya Kijapani ya Kibo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya hivyo Mei 2018, Rwanda ikafuata mwaka 2019, na Uganda mwaka 2022.

Kadiri unavyopanda, mzunguko unarefuka. Ukifika kilomita 35,786 juu ya ikweta, satelaiti inazunguka kwa saa 23 na dakika 56, muda ule ule dunia inaojizungusha, na kwa aliyeko chini inaonekana imetulia mahali pamoja. Mwandishi Arthur C. Clarke aliandika kuhusu matumizi ya obiti hii kwa mawasiliano mwaka 1945. Ndiyo sababu dishi lililo juu ya paa lako halizungushwi na mtu. Satelaiti zilizo juu ya nyuzi 36 mashariki ziko karibu utosini kwa mkazi wa Nairobi, basi fundi akikulazia dishi likatazama mawinguni usimgombeze.

Usiombe hata hivyo satelaiti itulie juu ya Dar es Salaam. Bapa lazima lipite katikati ya dunia, tumeshasema, na duara la pekee linalotulia ni lile la juu ya ikweta. Hilo lilizua madai ya kijasiri. Tarehe 3 Desemba 1976, huko Bogotá, nchi za ikweta, Kenya, Uganda na Zaire zikiwemo, zilitangaza kwamba sehemu ya obiti hiyo iliyo juu ya ardhi yao ni mali yao. Dunia haikuwakubalia, kwa kuwa Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza nchi kumiliki anga za juu. Kisheria walishindwa, lakini lalamiko lenyewe lilikuwa la haki: nafasi kwenye duara hilo zina ukomo, na zilikuwa zikichukuliwa na waliotangulia kutajirika.

Ukitaka kumfikia aliye mbele

Hapa ndipo marubani wazuri huaibika. Satelaiti yako iko kwenye obiti, na mbele yako, kwenye obiti ile ile, kuna kituo unachotaka kukifikia. Moyo utakwambia uongeze moto. Usiusikilize. Ukiongeza kasi, obiti yako inapanda, na obiti ya juu ina njia ndefu na mwendo wa polepole. Utapanda, utachelewa, na yule wa mbele atazidi kukuacha.

Juni 1965 Mmarekani James McDivitt, ndani ya chombo cha Gemini 4, alijaribu kukifuata kipande cha roketi yake mwenyewe kilichokuwa kikielea karibu. Alikielekezea pua akasukuma. Kikazidi kwenda mbali. Akasukuma tena, mafuta yakazidi kupungua, hadi ikabidi jaribio liachwe. McDivitt alikuwa rubani hodari wa kivita. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa hewani, na obiti ina sheria zake. Wakati huo Buzz Aldrin alikuwa ameshaandika tasnifu yake ya udaktari MIT, mwaka 1963, kuhusu jambo hilo hilo la vyombo kukutana kwenye obiti.

Njia yenyewe ni hii. Punguza mwendo kidogo. Utashuka, na kule chini utakimbia zaidi. Kwenye kilomita 300 mzunguko ni mfupi kwa dakika mbili kuliko kwenye kilomita 400, na dakika mbili kwa kasi hiyo ni zaidi ya kilomita 900 unazojipatia kila mzunguko. Ukikaribia, ongeza mwendo ili upande umkute. Tarehe 15 Desemba mwaka huo huo Gemini 6A ilimfikia Gemini 7 kwa kukokotoa badala ya kukimbiza, wakasogeleana hadi chini ya nusu mita. Mwalimu wa fizikia akiwafundisha wanafunzi wake hili tu katika mwaka mzima, nitamhesabu kuwa amefanya kazi.

Amua mapema itaangukia wapi

Hewa haiishi ghafla. Hata kwenye kilomita 400 kuna ukungu wake mwembamba unaoikwaruza satelaiti yako na kuishusha. Sputnik, ya kwanza kabisa, iliyorushwa tarehe 4 Oktoba 1957, ilidumu miezi mitatu ikaungua. Jua likichafuka, hewa ya juu huvimba: Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilipoteza satelaiti zaidi ya 35 za Starlink zilizokuwa zimeachiwa chini sana wakati wa dhoruba ya jua. Kwenye kilomita 800 tatizo ni kinyume chake, vitu haviondoki. Tarehe 10 Februari 2009 satelaiti nzima ya Marekani, Iridium 33, iligongana huko na Kosmos 2251 ya Urusi iliyokwishakufa, na vipande vyake bado vinazunguka.

Vingine vinashuka kwetu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilitua katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya likalifunga eneo na kuchukua chuma. Hakuumia mtu, na hilo lilikuwa bahati, si mipango. Mkataba wa kimataifa wa 1972 unasema nchi iliyorusha inawajibika kwa madhara ya ardhini bila mwathirika kulazimika kuthibitisha uzembe. Kosmos 954 ya Umoja wa Kisovieti, iliyobeba kinu cha nyuklia, ilipoangukia Kanada mwaka 1978, Umoja huo ulilipa dola milioni 3 za Kanada. Mkulima wa Makueni ana haki ile ile, na ni kazi ya serikali yake kumdaia.

Kwa hiyo usitumie mafuta yote kwenye kazi. Bakiza. Satelaiti ya chini ipigie breki ili ishukie Pasifiki ya Kusini, mbali na visiwa, baada ya kuwatangazia mabaharia na marubani. Ile ya kilomita 35,786 ni ghali mno kuirudisha. Ipandishe kilomita 300 zaidi, nje ya njia ya wengine, toa gesi iliyobaki kwenye matangi na uzikate betri zisije zikalipuka. Mwisho zima redio, uliandikie Shirika la Kimataifa la Mawasiliano kwamba masafa uliyokuwa umepewa yako wazi. Kuna nchi kwenye foleni.